Je, kweli ni ngumi zilizomwondoa Hackett, mpelelezi wa tamthilia ya Target, hewani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaandika muswada wa tamthilia ya upelelezi. Kuna onyesho moja ambamo mpelelezi wangu anambana mshukiwa ukutani kwenye korido ya kituo, anamtwanga ngumi tatu, mshukiwa anataja anwani, kisha tunakata kwenda kwenye magari. Mhariri wangu anataka niziondoe ngumi zote, eti yasinipate yaliyoipata Target, tamthilia ya polisi ya BBC. Nimeitafuta, nikaona ilidumu misimu miwili tu, 1977 na 1978. Lakini The Sweeney, tamthilia nyingine ya polisi ya Uingereza, nayo ilijaa ngumi, na ikadumu. Target iliuawa na ukatili kweli, au kuna lingine?

Jibu: Marahaba. Mhariri wako hakukudanganya, ila amekupa mkia wa habari akabaki na kichwa. Target ilishutumiwa sana kwa ukatili, na kweli ilikatika mapema: vipindi 9 mwaka 1977, vingine 8 mwaka 1978, jumla 17, basi. The Sweeney ya ITV, mtandao wa televisheni ya biashara wa Uingereza, iliyoanza Januari 1975, ilifika vipindi 53 katika misimu minne. Ukikaa na daftari uhesabu nani alipigwa na mara ngapi, sidhani utaipata humo sababu ya tofauti hiyo. Nimekata na kuunganisha filamu za upelelezi miaka mingi, na ninavyoona mimi, watazamaji hawakuwa wanahesabu ngumi. Walikuwa wanauliza ngumi hiyo imetoka nyumba gani, na imepigwa ili iweje. Target ilikosa jibu kwa yote mawili.

Nianze na nyumba. BBC ilikula kwa leseni. Mwaka 1977 mwenye televisheni ya rangi Uingereza alilipa pauni 21 kwa mwaka, apende asipende, awe anaitazama BBC au anaikwepa. ITV ilikula kwa matangazo ya biashara. Ndiyo maana mtu aliyeudhika na The Sweeney alibonyeza kitufe akahamia kwingine, lakini aliyeudhika na Target alihisi amechangia nauli ya basi lililomgonga. Malalamiko ya namna hiyo huwa na meno, kwa sababu mlalamikaji anajiona mwenye mali.

Tena nyumba hiyo ilikuwa imewazoesha watu askari wa aina nyingine kabisa. Kuanzia 1955 BBC ilikuwa na Dixon of Dock Green, kipindi cha konstebo mpole ambaye kila wiki alisimama kwenye taa ya kituo, akawapigia watazamaji saluti, akawasimulia kisa kama babu anayesimulia wajukuu. Na babu alikuwa kweli: Jack Warner, aliyemwigiza Dixon, alikuwa na miaka 80 kipindi kilipofungwa Mei 1976. Septemba 1977, hata mwaka mmoja na nusu haujapita, chaneli ileile ikamleta Steve Hackett, mkuu wa wapelelezi wa kikosi cha kanda katika mji wa bandari kusini mwa England, mwenye hasira za karibu na mikono mepesi. Aliigizwa na Patrick Mower. Mtazamaji alikwenda kulala na Dixon, akaamka na Hackett. ITV haikuwa na tatizo hilo. Mower mwenyewe alishaigiza mpelelezi kwenye Special Branch ya kampuni ya Euston Films, ambayo ndiyo iliyotoa The Sweeney baadaye, kwa hiyo watazamaji wa upande ule walipandishwa ngazi moja moja.

Sasa kamera. Hapa nivumilie kidogo, maana ndipo kazi yangu ilipo, na watu wengi wanaozungumzia ukatili wa televisheni hupapita.

Kwa miaka mingi tamthilia za BBC zilirekodiwa studioni kwa kamera za kielektroniki nne au tano, kila moja nzito kama jokofu juu ya magurudumu. Mwongozaji alikaa chumba cha juu akichagua picha ya kamera hii au ile huku onyesho likiendelea bila kusimama. Kukata kanda ya video kulikuwa shughuli ya gharama, kwa hiyo walijitahidi wasikate. Na kuta za studio zilikuwa mbao nyembamba na turubai. Mtupe mwigizaji ukutani, na sebule nzima inatikisika hadi picha ya malkia. Kwa hiyo vipigo studioni vilikuwa vifupi, au vilitokea nyuma ya mlango, au mtu alianguka nyuma ya kochi tukaonyeshwa uso wa anayemtazama. Watu walidhani ule ni ustaarabu wa BBC. Kwa sehemu kubwa ulikuwa ni udhaifu wa mbao.

Euston Films wakatoka nje na filamu ya milimita 16, kamera moja, ukuta wa matofali halisi, uchochoro halisi, tope halisi. Target ikafuata njia hiyohiyo, na kwa tamthilia ya BBC hilo lilikuwa jambo zito. Filamu inakupa kitu ambacho studio haikuwa nacho: meza ya kukatia. Acha nikuonyeshe ngumi moja ilivyotengenezwa. Mkono wa mpigaji unapita umbali wa kiganja kizima mbele ya taya. Kamera inakaa nyuma ya bega la anayepigwa, ili nafasi ile isionekane. Anayepigwa anatupa kichwa upande. Hapo hakuna aliyeguswa, na ukiitazama hivyohivyo bila sauti, utacheka. Televisheni ya Uingereza ilikwenda fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde. Mimi mkataji natafuta pale mkono unapolingana na taya, natoa fremu mbili au tatu, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, naunganisha. Jicho lako linaruka pengo hilo na kuamini kwamba mguso ulitokea ndani yake. Kisha mtu wa sauti anapiga kabichi au mto wa ngozi, na wewe nyumbani unakunja uso.

Kwa maneno mengine, ukatili unaouona hauko kwenye filamu hata kidogo. Uko kwenye pengo na kwenye kabichi.

Niliwahi kuagizwa kupunguza onyesho la kipigo kama lako, la koridoni. Nilikuwa kijana, nikatii kama nilivyoambiwa: nikaondoa picha za ngumi mbili za mwisho, mahali pake nikaweka uso wa mama mfagizi aliyesimama na ndoo mwisho wa korido. Sauti sikuigusa. Bosi akaja kutazama, akanyamaza, akasema, "Umelifanya baya zaidi." Na alikuwa na haki. Ngumi mbili zisizoonekana, zikisikika wakati mama yule anaangalia sakafu, zilikuwa nzito kuliko tano zinazoonekana. Nilipunguza fremu kama thelathini, nikaongeza ukatili. Tangu siku hiyo sina imani na mtu anayeniambia "punguza" bila kuniambia anapunguza nini.

Nirudi Target, maana kuna kisa cha mtayarishaji wake ambacho hata mwandishi angeogopa kukitunga. Kipindi kiliandaliwa awali na Graham Williams. Wakati huohuo Philip Hinchcliffe alikuwa anatayarisha Doctor Who, kipindi cha Jumamosi jioni ambacho watoto walikitazama na wazazi wao, na yeye alikuwa amekifanya cha kutisha kwelikweli. Novemba 1976 sehemu moja ya kisa kiitwacho The Deadly Assassin iliishia na kichwa cha shujaa kimezamishwa majini na adui, na picha ikagandishwa hapo. Mary Whitehouse, mwalimu wa zamani aliyeanza kampeni ya kusafisha televisheni mwaka 1964, akaja juu. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mtoto mdogo anabaki na picha ile ya mtu anayezama wiki nzima, kwa sababu muendelezo ni Jumamosi ijayo. Mkuu wa BBC wakati huo, Charles Curran, aliomba radhi, na picha ile iliyoganda ikakatwa kwenye kanda kuu.

Baada ya hapo wawili hao wakabadilishana viti. Williams akapewa Doctor Who na maagizo ya kupunguza vitisho. Hinchcliffe akapewa Target. Yaani mtu ambaye kipindi chake kilitoka kuombewa radhi kwa ukatili alikabidhiwa kipindi cha polisi wa ngumi, na kila mwenye kalamu ya malalamiko alikuwa tayari analijua jina lake. Mimi Hinchcliffe namheshimu sana kwa kazi, lakini kama ungetaka kukivutia kipindi kipya macho ya wasusi wa malalamiko, usingepata njia nzuri kuliko hiyo.

Saa haikuwa tatizo. Target ilirushwa Ijumaa baada ya taarifa ya habari ya saa tatu usiku, ndani ya muda unaohesabiwa kuwa wa watu wazima. Wala Uingereza nzima haikuwa imetulia ikisubiri jambo la kulalamikia, maana lilikuwepo tayari: Machi 1977 kamati ya Lord Annan ilitoa ripoti yake kuhusu mustakabali wa utangazaji, na ukatili kwenye skrini ulikuwa miongoni mwa yaliyojadiliwa humo.

Tuje kwenye "ili iweje," ambalo kwangu ndilo zito.

Itazame The Sweeney inavyofunguka na inavyofunga. Mwanzoni muziki wa Harry South unapigwa kwa mbio, magari, kamatakamata. Mwishoni ni wimbo uleule, lakini umepunguzwa mwendo hadi unasikitisha, na picha ni za watu waliochoka. Kati ya hapo na hapo Jack Regan wa John Thaw amepiga watu, sawa, lakini yeye ni mtaliki mwenye binti anayemwona kwa nadra, wakubwa wake hawamtaki, anakunywa, anataniana na Carter wa Dennis Waterman kwa sababu hana mwingine wa kutaniana naye, na mara nyingine mhalifu anamponyoka. Ngumi ya Regan ina bili yake, na bili inaletwa mezani kabla majina hayajapita. Na kuna ucheshi. Usiudharau ucheshi: mtu anayetaniwa na mwenzake hawezi kuonekana kama anajisifu.

Hackett, hasa msimu wa kwanza, alichukua ngumi akaacha bili. Mower ana mvuto, ana kasi, na anaigiza hasira vizuri mno, pengine kupita kiasi. Hasira yake inawaka tangu dakika ya kwanza na haina pa kupanda. Kipigo kinaleta habari, habari inaleta windo, windo linaleta kamatakamata. Kila kipigo kinalipa. Philip Madoc alikuwepo kama mkubwa wake, Tate, na Madoc ni mwigizaji ambaye akinyanyua unyusi tu chumba kinapoa. Laiti angepewa nafasi zaidi ya kumkatalia Hackett, naamini kipindi kingepumua. Vivien Heilbron na Brendan Price nao walikuwa imara. Tatizo halikuwa waigizaji.

Na fikiria gazeti lililokuwa mezani. Julai 1977, miezi miwili kabla ya Hackett kuingia hewani, Kenneth Drury, aliyewahi kuongoza Flying Squad ya London, kikosi chenyewe ambacho The Sweeney inakisimulia, alihukumiwa kifungo cha miaka minane kwa rushwa. Baba aliyesoma hilo asubuhi, halafu usiku akaona askari anampiga mtu na hadithi nzima inampigia makofi, aliona kitu kisichokaa sawa hata kama hakujua kukitaja. The Sweeney angalau ilikuwa imewazoesha kuwashuku askari wake yenyewe.

Mwaka 1978 mtafiti William Belson alichapisha utafiti wa wavulana 1,565 wa London, uliogharimiwa na mtandao wa televisheni wa Marekani, CBS. Alikuta kwamba waliotazama ukatili mwingi ndio walioripoti kufanya ukatili mzito zaidi. Wataalamu walivutana, na bado wanavutana, kama kimoja kinaleta kingine. Mimi si mtu wa takwimu, siingii. Ila kuna jambo dogo humo lililonikaa: katuni na vichekesho vya kuangushana havikuonekana kuwa na uzito huo. Vilivyoonekana kuwa nao ni pamoja na ukatili unaofanana na maisha halisi, na ukatili unaofanywa kwa nia njema. Soma tena hiyo ya mwisho ukimfikiria mpelelezi.

BBC ilisikia. Msimu wa pili, vuli ya 1978, ulipunguzwa makali waziwazi, wahusika wakapewa nafasi zaidi. Yakatokea yanayotokea daima. Waliokipenda kwa makali wakaona kimelegea, na waliokichukia walikuwa wameshaamua zamani na hawakurudi kuangalia. Novemba 1978 kikaisha. Mwezi uliofuata, Desemba 1978, The Sweeney nayo ikarusha kipindi chake cha mwisho. Watu husahau hili wanapozilinganisha: zilizimika kwa tofauti ya wiki chache tu. Moja iliondoka kwa heshima na nyingine kwa mlango wa nyuma, lakini zama zenyewe zilikuwa zinafungwa. Mwaka 1979 BBC ikatoa mapendekezo ya kurekebisha mwongozo wake kuhusu kuonyesha ukatili.

Basi, ukiniuliza kwa neno moja kama ukatili uliiua Target, nitasema uliichomea jina, na jina likachomeka kwa urahisi kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kulikumbuka. Watu walipoitaja walisema "ile ya kupigana." Walipoitaja The Sweeney walisema Regan.

Sehemu ya hadithi ninayoipenda zaidi ni iliyofuata. BBC ilibaki bila mpelelezi wa kujaza nafasi ya Target, ikamwomba Robert Banks Stewart atunge mwingine. Yeye alitunga Shoestring, iliyoanza Septemba 30, 1979: Eddie Shoestring, mtaalamu wa kompyuta aliyewahi kuvunjika akili kwa kazi, nguo zimekunjamana, anaajiriwa na kituo cha redio huko magharibi mwa England kuchunguza matatizo ya wasikilizaji. Si askari, hana kikosi, na ngumi si lugha yake. Trevor Eve alimwigiza kwa upole unaokufanya uogope kwa niaba yake kila anapogonga mlango. Bahati nayo ilisaidia, maana wiki za mwanzo ITV ilikuwa kimya kwa mgomo hadi mwishoni mwa Oktoba, na BBC haikuwa na mshindani. Lakini ITV iliporudi, watu hawakumwacha Eddie. Yeye mwenyewe hakudumu: vipindi 21, misimu miwili, mwigizaji akaaga. Na Banks Stewart huyu, ukitaka kujua dunia ilivyo ndogo, alikuwa ameandika visa vya kutisha vya Doctor Who chini ya Hinchcliffe. Yaani mikono ileile.

Sasa korido yako. Sikubaliani na mhariri wako kwamba uziondoe zote, na sikubaliani nawe kwamba ziko sawa. Tatizo la onyesho lako ni anwani. Umeandika ngumi kama ufunguo: unazungusha mara tatu, mlango unafunguka, magari yanaondoka. Hapo ndipo Hackett alipoanguka.

Jaribu hivi. Ngumi moja, ya kwanza, tuione yote, bila muziki. Mpelelezi wako ajiumize vidole, maana taya ni mfupa, na wanaopiga watu kweli huumia mikono. Ya pili na ya tatu zisikike tu tukiwa na mtu mwingine koridoni, konstebo kijana labda, anayeamua kama ataingilia au atatazama ubao wa matangazo. Mshukiwa ataje anwani kama ulivyoandika, magari yaende kama ulivyoandika. Kisha anwani iwe ya uongo. Nyumba ya bibi kizee, anafungua mlango na gauni la kulalia, na kitasa anakigusa mpelelezi kwa mkono uliovimba. Dakika tatu baadaye anatakiwa arudi koridoni kumkabili mtu yuleyule, na yule konstebo bado yupo pale.

Utakuwa umebaki na ngumi zako tatu. Mpelekee mhariri wako toleo hilo, na toleo la pili lisilo na ngumi hata moja ambapo anwani ni ya kweli, umuulize lipi linamtia wasiwasi zaidi. Kisha uniandikie alichojibu, maana kwa uzoefu wangu na wahariri, huenda akachagua lile ambalo hukulitegemea.